Kilo ya Maji

Katika kituo cha kununulia chai alichosimamia Janeffer, mwendo mfupi kutoka Kapsoit, hakuna mkulima aliyethubutu kubishana naye mbele ya mizani isipokuwa mzee Johana. Wengine walitundika gunia, wakangoja, wakapokea risiti na kwenda zao. Johana hakuumbwa hivyo. Kila Janeffer alipokata kilo moja ya gunia, kisha moja ya maji ya mvua, mzee aliinua uso akayatazama mawingu kwa utulivu.

“Msichana yangu, leo mvua imenyesha wapi?”

“Ndiyo sheria, mzee.”

“Sheria ya wapi, na jua inawaka hivi?”

Janeffer alicheka tu na kumwita anayefuata. Sheria yenyewe haikuandikwa popote, lakini kila karani aliikuta pale na kila karani aliiacha pale. Majani hunyauka ndani ya lori, uzito hupungua njiani, na kule kiwandani lawama humwangukia karani. Kilo ya maji ilikuwa ndiyo kinga yake. Alikata mvua ikinyesha, alikata jua likiwaka, mpaka mkono ukazoea kufanya hivyo bila kumwuliza.

Lililomkera Janeffer lilikuwa jambo jingine kabisa. Alitaka kusomea uhasibu katika chuo kimoja cha biashara huko Nakuru, na ili kuingia ilimbidi afanye mtihani wa Kiingereza na wa hesabu. Kiingereza alikipita bila jasho. Hesabu ilimwangusha mwaka wa 1993, ikamwangusha tena mwaka uliofuata, na chuo hakikuruhusu mtu kujaribu zaidi ya mara tatu. Alama za kupita zilikuwa hamsini. Mara ya kwanza alipata thelathini na nane. Mara ya pili, baada ya kusoma mpaka macho yakamwuma, alipata thelathini na sita. Alishindwa kuelewa, maana shuleni hesabu ilikuwa somo lake! Mama yake, Tecla, alikuwa ameshaanza kumshauri aolewe yaishe, na ushauri huo ulimuudhi kuliko mtihani wenyewe.

Ikabakia mara moja tu. Janeffer akapiga moyo konde, akaenda kwa Mwalimu Ogola, mtu wa kutoka ziwani aliyefundisha hesabu miaka mingi katika shule ya shamba kubwa la chai hapo jirani. Mwalimu huyu aliamini kwamba hakuna ugonjwa wa hesabu usiotibiwa na jedwali la kuzidisha. Basi kila Jumamosi mchana, kwenye kibaraza cha nyumba yake, mwanamke mzima wa miaka ishirini na saba alikaririshwa saba mara nane kama mtoto wa darasa la tatu. Aliona haya, akavumilia.

Ajabu ni kwamba akipewa namba tupu hakosi. Sehemu, asilimia, uwiano, zote alizimaliza kabla chai haijapoa. Akipewa swali la kununua na kuuza, anakosa. Tena anakosa kwa kidogo tu, na hicho kidogo ndicho kilichomchemsha Mwalimu.

“Nyathina, unakimbilia wapi?” alimfokea, akimwita mtoto wake kwa Kijaluo kama alivyowaita wanafunzi wote.

“Sikimbii, Mwalimu.”

“Basi leo utanisomea swali kwa sauti, na unieleze kila kitu unafanya.”

Swali lilikuwa jepesi. Mkulima ameuza kilo sitini za majani ya chai, kila kilo shilingi sita. Alilipwa pesa ngapi?

“Kilo sitini,” akaanza Janeffer. “Natoa gunia, natoa maji, inabaki hamsini na nane. Mara sita...”

“Simama hapo. Umetoa nini?”

“Gunia na maji.”

“Gunia gani?”

Janeffer akamtazama kwa huruma. “Mwalimu, kwani chai inabebwa na mikono?”

Ogola akafungua ukurasa mwingine. Akamtafutia swali la maziwa. Janeffer akatoa lita moja ya povu. Akamtafutia la mahindi. Akapunguza unyevu, tena akaeleza kwamba hayo mahindi ya mwezi wa tisa lazima yawe mabichi. Mwalimu akaweka kalamu chini, akacheka mpaka mkewe, Dorcus, akachungulia kutoka jikoni kuuliza kuna nini.

“Huyu anapunja mtihani!” Ogola alisema, akipangusa machozi. “Mtihani unaleta kilo sitini, yeye anakata!” Kisha akamgeukia Janeffer, na sauti yake ikawa ya upole. “Sikiza, nyathina. Swali halinyeshewi. Soma kile imeandikwa. Mvua yako wacha kwa kituo.”

Janeffer alishikwa na aibu, halafu hasira, na alipokuwa njiani kwenda nyumbani kati ya michai, furaha ikampanda kutoka tumboni. Kumbe hakuwa mjinga! Machozi yakamtoka, naye akayaacha yatoke, maana hapakuwa na mtu wa kuyaona.

Kujua kosa hakukuwa kuliacha. Siku za kazi mkono ulikata, Jumamosi ukaambiwa usikate, na mkono ni mkaidi. Ogola akamfundisha kuweka kidole chini ya kila neno na kujiuliza, “Imeandikwa wapi?” kabla ya kutoa chochote.

Siku ya mtihani, mjini Kericho, swali la chai lilimngoja kwenye ukurasa wa pili. Kidole kikapita juu ya maneno, kikarudi, kikapita tena. Hapakuwa na gunia. Hapakuwa na mvua. Kuziacha zile kilo zote zikiwa kamili kulimtia wasiwasi, kama mtu aliyetoka nyumbani bila kufunga mlango. Akaziacha.

Alipata sabini na tatu. Mwalimu Ogola aliutikisa mkono wake mpaka ukamwuma. Tecla hakusema tena habari za kuolewa, alifungua kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando yaliyokuwa yakingoja wageni wa heshima, akammiminia bintiye kwanza. Janeffer alifurahi, na sina neno kubwa zaidi la kuweka hapo.

Jumatatu akarudi kituoni, kwa kuwa chuo kingefunguliwa Septemba. Mvua ilikuwa haijaonekana tangu wiki iliyotangulia, na majani yalikuwa makavu, yakichakarika ndani ya magunia. Johana akatundika lake. Mshale ukatulia kwenye sitini. Janeffer akatoa kilo ya gunia, kwa sababu gunia lilikuwepo. Mkono ukataka kuendelea. Bila kufikiri akaweka kidole kwenye uso wa mizani, na swali la Mwalimu likamjia lenyewe.

Alijua kiwandani wangemwuliza. Akaandika hamsini na tisa.

Johana akaisoma risiti, akaigeuza, akaisoma tena. Uso wake ukaingia mashaka.

“Msichana yangu, umesahau ya maji.”

“Mzee,” Janeffer alisema, “leo mvua imenyesha wapi?”

Johana hakutazama mawingu safari hii. Alimtazama yeye.

“Mimi nimekuuliza hiyo swali miaka minne,” alisema.

Janeffer akatoka nyuma ya mizani. Akamshushia mzee gunia kwa mikono yake mwenyewe, kisha akamwita anayefuata.