Mkwe Asiyekula Chapati

Hellena wa mtaa wa Malangali, mjini, alikuwa mtu wa kucheka. Alicheka akipima mafuta kwenye mashine ya kukamua alizeti alikoajiriwa, alicheka akifukuza kuku kwenye mashudu, na tangu Shija amvishe pete alikuwa anacheka hata peke yake, mpaka wateja wanageuka kuangalia kama kuna mtu nyuma yao.

Kicheko hicho kilikuwa kipya. Kwa miaka mingi alikuwa msichana mwembamba wa kutia huruma, tumbo limejaa gesi, anakunywa dawa za minyoo, halafu za amiba, halafu za taifodi, halafu za minyoo tena. Jirani mmoja alishauri aolewe, eti tumbo litatulia. Hatimaye daktari mmoja kule Mbeya alimpitisha mrija mdomoni mpaka kwenye utumbo, akachukua kinyama kidogo kikapimwe. Majibu yalipotoka, Hellena alidhani anataniwa. Adui yake alikuwa ngano. Ndani ya ngano kuna kitu kinaitwa gluteni, na kila akikila, mwili wake unaushambulia utumbo wake wenyewe. Ugonjwa unaitwa seliaki. Dawa ni moja tu, kuachana na ngano moja kwa moja.

"Hata andazi moja, dokta?"

"Hata kiazi kilichokaangwa kwenye mafuta ya andazi."

Kwa mtu wa Ufipa, amri hiyo ilikuwa nyepesi kuliko ilivyosikika. Ugali wa ulezi upo, mahindi yapo, maharage yapo, samaki wanapanda kila siku kutoka ziwani. Hellena akanunua sufuria yake na mwiko wake. Kwenye mashine ya kusaga akawa hamimini ulezi wake mpaka mwenye mahindi ametangulia, ili masalia ya ngano ya watu yatoke kwanza. Mashavu yakajaa. Shija, kijana wa Kisukuma aliyekuwa analeta alizeti kutoka Milepa kule bondeni, akayaona mashavu hayo, na mengine yakafuata.

Tatizo lilikuwa mama mkwe.

Siku Hellena alipoteremka Milepa kujitambulisha, Mama Shija alimwandalia chapati. Si chapati za kubahatisha, ni mlima wa chapati, zimefunikwa kwa kitambaa cha kufuma. Hellena akapiga goti, akashukuru, akasema hali ngano. Mama Shija akafunika tena sahani. Jioni hiyohiyo habari zikaenea boma zima kwamba binti wa mjini amekikataa chakula cha watu.

Shija alieleza mpaka akachoka. Baba yake, mzee Ngeleja, alimsikiliza vizuri, kisha akasema, "Nimechunga tangu sijaota ndevu. Sijawahi kuona hata ndama mwenye ugonjwa wa chapati."

Kwa hiyo sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ilipokaribia, Hellena hakuhofia gauni, hotuba wala mvua. Alihofia keki. Saa ya keki, mama mkwe humlisha mkwe wake kwa mkono wake, watu wote wakitazama. Akikataa safari hii, hakuna atakayemwamini tena, na ataingia kwenye ukoo huo akiwa mtu wa maringo mpaka uzeeni. Akila ngano, ataugua, na ndoa yenyewe ni Jumamosi inayofuata.

"Niachie mimi," alisema shangazi yake Margareth, mpishi wa keki za kipaimara kwa mtaa mzima. "Nitakuokea ya ulezi."

Na shangazi alijituma. Aliufuata ulezi mpaka Kasense, akaupeta, akauchambua kwa mkono, akaenda kuusaga mahali wasipopokea ngano. Hellena alipoiona keki ukumbini mchana wa sherehe, ya ghorofa mbili, ya kahawia, ina maua ya waridi ya sukari, alimrukia shangazi shingoni.

"Imeshikana, eh?" Shangazi alisema, akijitazama kwenye kioo cha chumba cha kuvalia. "Ulezi mtupu ulinitesa, mwanangu. Kila nikiitoa inapasuka kama tope la kiangazi. Ikabidi nitie kikombe cha ngano."

Hellena akaketi juu ya kreti la soda, na gauni lake.

"Kimoja tu," shangazi alisema. "Tena cha chai."

Hellena akafanya kile alichokuwa anafanya kila akiogopa: akaanza kucheka. Alicheka mpaka wanja ukaanza kumtiririka. Shangazi naye akacheka kidogo kwa kumfuata, kisha akaelewa, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Itakuua?"

"Hainiui, shangazi. Ila Jumamosi padri ataniuliza kama nimekubali, mimi niko chooni."

"Basi ifiche shavuni, utaitema ukirudi huku."

"Mbele ya kamera tatu?"

Wakampigia Shija simu. Shija, ambaye alikuwa hapohapo nje na shati la kitenge linalombana, alifikiri kwa muda, kisha akashauri azimie.

Hakukuwa na muda wa kuzimia. Muziki ulishabadilika. Wageni wa Milepa walikuwa wanaingia wakicheza, kinamama mbele, vumbi la safari bado miguuni, kila mmoja ana kitu kichwani: vibuyu, vikapu, mabeseni. Mama Shija alikuwa wa kwanza, kibuyu chake hakitikisiki hata alipozungusha mabega. Mshereheshaji, kijana anayeitwa Stanley ambaye hakuwahi kunyamaza tangu azaliwe, akawa anapiga kelele kwamba hata ng'ombe wa Milepa wamelia kuachwa nyumbani.

Keki ikakatwa. Mama Shija akakabidhiwa kipande kwenye kijiti. Akasimama mbele ya mkwe wake, uso umekaza kama mtu anayesubiri kudharauliwa mara ya pili.

Hellena akapiga goti.

"Mama," alinong'ona, "keki ina ngano. Imewekwa kwa bahati mbaya. Nikiila nitaugua, kweli kabisa. Lakini nataka kula mkononi mwako. Kwenye kibuyu kuna nini?"

Alinong'ona kwa siri, isipokuwa Stanley alikuwa amesogeza kipaza sauti katikati yao, kama afanyavyo siku zote. Ukumbi mzima ukasikia. Ukumbi mzima ukanyamaza. Hata Stanley.

"Maziwa mgando," alisema Mama Shija.

"Nilishe hayo, mama."

"Unakunywa mgando wewe?"

"Napenda kuliko soda."

"Na matobolwa? Viazi vyetu vya kukausha?"

"Kiazi hakina shida na mimi, mama. Ni ngano tu."

Mama Shija akamgeukia mumewe kule kwenye meza ya wazee. "Baba Shija! Huyu mtu anakula!" Kisha akamwinamia Hellena, na sauti yake ikaenda kwenye spika zote. "Zile chapati nilifundishwa siku ileile na mke wa mwalimu. Niliungua vidole viwili. Niliambiwa mtu wa mjini ukimpa viazi anakuona mshamba. Unadhani sisi tunakula chapati? Walizila mbwa."

Ukumbi ukapasuka. Mzee Ngeleja alicheka mpaka akavua kofia. Shangazi Margareth akapiga kigelegele cha mtu aliyesamehewa, akaichukua keki yake na kuwasukumia Wafipa wenzake, ambao waliimaliza bila manung'uniko.

Mama Shija hakutaka kijiko. Akakiinua kibuyu chenyewe, na Hellena akanywa, na mgando ukamshuka kidevuni mpaka kwenye gauni lililoshonwa Mbeya, na hakujali hata kidogo. Kisha kinamama wa Milepa wakajipanga foleni, vikapu mikononi, kwa sababu hakuna aliyekubali kurudi bondeni bila kumlisha mkwe. Hellena alitafuna, akacheka, akatafuna.

"Tunaomba neno kutoka kwa bibi harusi mtarajiwa," alisema Stanley, akileta kipaza sauti.

Hellena akaonyesha mashavu yake, yamejaa viazi pande zote mbili.

Mama Shija akausukuma mkono wa Stanley pembeni. "Mwache mwanangu ale."