Nimezika mguu wa binti yangu, na binti yangu yuko hai

Wakuu, salamu kutoka Kigali. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, siongezi chumvi. Mkiona nina hasira, ninayo kweli.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea karibu na Sonatubes. Mwaka jana nilikuwa nampima Zuhura wangu, miaka kumi na moja, suruali ya Idi. Unene wa juu ya goti la kushoto umezidi wa mguu wa kulia kwa inchi moja na nusu. Nikapima tena. Vilevile.

Kituo cha afya wakasema anakua.

Eti unakua mguu mmoja?

Wakanipa dawa za maumivu. Na mimi mjinga nikawa namkanda kila jioni, miezi mitatu, naye anang'ata kanga asilie.

Siku niliyogoma kuondoka bila X-ray ndiyo tukajua: kansa ya mfupa. Akapigwa chemo, nywele zikaisha. Halafu daktari akasema ili mtoto apone, mguu utoke.

Wifi yangu akapanda mpaka kwangu Rebero kuniambia, "Msichana bila mguu, nani atamuoa disi, maskini?"

Nikamjibu, "Mumeo anayo yote miwili, wifi. Jana ilimfikisha kwako saa ngapi?"

Aliyeuliza la maana ni Zuhura. "Mama, wakishaukata wataupeleka wapi?"

Sisi Waislamu kiungo kilichokatwa tunakizika. Nikamwambia hivyo hivyo. Akasema, "Basi usiufunge nguo nyeupe. Mimi sijafa."

Nikampelekea vipande vya vitenge wodini, akachagua cha njano chenye ndege. Nikaushonea mfuko, pindo mara mbili. Ulipokatwa, kaka yangu akaenda kuuzika.

Kurudi nyumbani nakuta majirani wamejaa mkekani, wananipa pole ya msiba! Niliwatoa wote. Maandazi waliyoleta nilibaki nayo.

Mwezi uliopita Zuhura akataka kupaona ulipozikwa. Akasimama na magongo yake, akakaangalia kale katuta. Mimi machozi tu. Akanivuta gauni. "Mama, twende. Njaa inaniuma."

Mapafu, ambako kansa hii hupenda kuhamia, mpaka sasa ni safi, alhamdulillahi. Bado tunarudi kupimwa.

Wazazi, mtoto akiumwa mfupa palepale wiki nyingi, na pamevimba, usimkande. Dai picha. Wakikuona msumbufu, kuwa msumbufu.

Sasa mwenye mtoto aliye na mguu wa bandia aandike hapo chini: unaweza kuruka nao kamba? Anayeuliza ni yeye. Msinidanganye, yuko hapa begani kwangu anasoma.