Barada Nje ya Ukuta

Mjukuu wangu, mwaka ninaoukumbuka ni ule tuliokula mchele wa hofu. Dubai nzima ilisikia kwamba kodi inaingia mwezi wa kwanza, fungu dogo juu ya kila unachonunua, basi watu wakavamia maduka kama vile kesho hakupambazuki. Nassor, kitinda mimba wangu, akajaza magunia sebuleni mpaka hapapitiki. Tukala pilau, tukala wali wa nazi, tukala biriani, tukala mkate wa kumimina. Shaabani inaingia, mie bado nimekaa na ungo napepeta fukusi. Kodi tuliikimbia, fukusi tukawalisha wenyewe.

Mwaka huohuo Nassor alipandisha sola juu ya paa la nyumba yetu ya Garhoud, jirani na uwanja wa ndege. Mie sikusoma, nisikufiche. Nilitolewa chuoni nikaozwa, na umeme naujua kwa kuuwasha na kuuzima. Siku fundi alipomaliza, saa sita za mchana, ndege zinapita juu yetu mpaka vikombe vinatetemeka, Nassor akanivuta mpaka kwenye mita.

"Mama, tazama. Jua linalisha nyumba yetu, na linalobaki linatoka, linakwenda kwa majirani."

"Kwa nani?"

"Yeyote aliye karibu. Labda kwa Bi Mariam hapo pembeni."

"Mwenyewe anajua?"

"Hajui."

"Basi hiyo sadaka."

"Si sadaka, mama. Shirika la umeme linatuandikia. Tunachotoa mchana tunakichukua usiku, yuniti kwa yuniti."

"Sadaka ya risiti hiyo," nikamwambia, na yeye akacheka.

Lakini mie sikucheka, mwanangu. Jua hili nimelikimbia maisha yangu yote, nimelifungia madirisha, nimelitupia mapazia mazito, na kumbe lilikuwa limebeba baridi ya nyumba nzima mgongoni, linangoja tu mtu alipokee. Subhanallah. Jioni Bi Mariam aliponiletea sambusa nilimtazama vingine kabisa. Mchana kutwa amepozwa na paa langu, naye hana habari.

Nikamuuliza Nassor, na hii kodi mpya inaikuta wapi sola yetu? Akanieleza polepole, maana anajua mie hupenda kuelewa. Tulichotoa na tulichochukua vikilingana, alisema, hapo hakuna cha kulipia. Tukichukua zaidi, ile ziada ndiyo tunayonunua, na kodi inaipanda mgongoni. Kwa hivyo kila yuniti ya jua inakuokoa mara mbili, bei yake na kodi yake. Wangekuwa wanatununulia kwa pesa mkononi ingekuwa biashara, na biashara ina mlango wake mwingine wa kodi. Hivi tulivyo, tunakopeshana tu.

Nikaelewa. Ila Nassor yeye alielewa kupita kiasi. Akawa anazunguka nyumbani na simu mkononi, anatafuta nani anakula umeme mchana. Pasi ikahamishwa. Friji ya pili ikafungwa. Alitaka tutoe kingi kabla joto kubwa halijaingia, tuwe na akiba ya kuchukua kiangazi bila kuipandisha ile kodi. Sikumlaumu, maana bili ya kiangazi hapa inamtoa mwanamume jasho ndani ya kiyoyozi.

Sasa, nje ya ukuta wetu ipo barada, lile sanduku la bati la maji baridi lenye mabomba matatu. Marehemu babu yako ndiye aliyeliweka. Anayepita anakunywa, hamuulizi mtu: wafagizi, wabeba mizigo ya dukani, mafundi wa bustani, madereva. Hakuna anayebisha hodi.

Mchana mmoja hodi ikabishwa. Alikuwa Mutua, Mkenya mlinzi wa jengo la mkabala, chupa mkononi.

"Mama, habari ya mchana. Samahani kukusumbua. Hii maji ya nje imekuwa moto."

"Moto vipi?"

"Moto kabisa. Mwenzangu ameweka majani ya chai, sasa anauliza kama mko na sukari."

Nikacheka, kisha nikatoka mwenyewe. Bati lilikuwa linaunguza kiganja. Nikafungua bomba nikakinga mkono, maji yakatoka kama ya kuogea mzazi. Nikatazama nyuma ya barada, swichi imeteremshwa.

Hapo nikamkumbuka shangazi yangu Zuwena, Pemba, msimu wa karafuu, mie kigoli. Alinituma niwapelekee wachumaji maji. Nikachota kwenye debe lililokaa juani, nikayaacha ya mtungini yawe yetu wa nyumbani. Shangazi hakunipiga. Alinikalisha uwanjani, jua utosini, akanipa kata nzima ya maji yaleyale ya debe ninywe mpaka chini. Nilipomaliza akasema, "Haya, sasa kawapelekee unayoyajua utamu wake." Mpaka leo maji ya vuguvugu yakinigusa ulimi nasikia sauti yake.

Nikaipandisha swichi, nikamngoja Nassor arudi kazini.

"Nani kaizima barada?"

"Mie, mama. Inakula mchana kutwa, saa zilezile tunazotoa. Mpaka kiangazi kipite tu."

"Mpaka kiangazi kipite! Wanywe baridi wakati wa baridi?"

"Tutawawekea katoni za chupa."

"Zitachemka kama hayo ya bombani. Mutua anasimama juani, yeye si nguzo."

Akakaa, akashika kichwa. "Mama, nyumba hii naibeba peke yangu. Akiba ikiwa ndogo, bili itanikuta Julai. Nipunguze wapi? Niambie. Nizime kiyoyozi cha chumbani kwako mchana?"

Alisema kwa hasira, alidhani nitanyamaza. Chumba changu nakipenda, mwanangu. Baridi yake ni ya kuvaa shali. Nikamtazama usoni.

"Barada haizimwi. Nizimeni mie kwanza."

"Mama, nilikuwa natania."

"Mie sitanii."

Nikakizima kiyoyozi cha chumbani, nikachukua mto wangu na tasbihi, nikahamia sebuleni, katikati ya magunia ya mchele na makelele ya nyinyi watoto na katuni zenu. Kila mchana, kiangazi kizima. Mgongo uliniuma, usingizi wa adhuhuri nikausahau. Lakini alasiri nilitoka nje, nikaweka mkono mmoja juu ya bati, ukaungua, na wa pili chini ya bomba, ukafa ganzi. Jua lilelile! Linamchoma mfagizi utosini na palepale linampozea kikombe chake. Nimehiji, nimezaa, nimezika, na bado nasema sijaona ajabu iliyonikaa rohoni kama ile. Nilisimama pale mpaka Mutua akaniuliza, "Mama, uko sawa?"

Basi nisikilize. Kodi lipa, usinung'unike, barabara unayopita haikujengwa kwa dua. Hesabu yako ifanye, na jua likupe chote linachoweza kukupa. Lakini ukitaka kubana matumizi anzia penye mto wako wewe, kabla hujagusa kinywa cha mtu asiyeweza kukugombeza. Mungu akujaalie nyumba ambayo hata jua likiingia linatoka kuwafaa wengine, na akupe mkono wa kutoa usiotazama mita.

Bili ya Julai ilikuja nzito, siwezi kukudanganya. Nassor aliingia sebuleni nayo, akasimama mbele yangu, nami nimejilaza juu ya gunia la mwisho.

"Mama, naomba tuongee tena habari ya…"

"Barada haizimwi. Nizimeni mie kwanza."