Migomba ya Baba Mkwe

Binti yangu anasoma Kiingereza, nami huvisoma vitabu vyake anapokwenda mtoni. Juzi nilikutana na kitenzi chenye maana ya kukirudishia kitu uzima wake. Kitabu kilisema hutumika kwa nyumba iliyobomoka, kwa mgonjwa anayepata nguvu, na kwa mali inayorudi kwa mwenyewe. Nilitazama kwa makini kama hutumika pia kwa kung'oa cha zamani na kuweka kingine mahali pake. Hapana. Tofauti hiyo niliijua kabla sijajua kusoma.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Wadachi, ndivyo tulivyowaita Wajerumani. Askari walipanda hadi kwetu, juu ya Moshono, kwa sababu watu walikataa kwenda kubeba mawe ya kujengea boma lao. Walimchukua mume wangu, kisha wakafyeka kihamba chote, yaani migomba iliyozunguka nyumba yetu. Nilikuwa nimeolewa karibuni, sina mtoto, nikabaki na mama mkwe. Wazee wa ukoo walisema kihamba kisipozaa tena atapewa mwingine awezaye kukilima.

Kaka mkubwa wa mume wangu hakukawia. Alikuja na mzigo wa miche begani.

"Shemeji, mashina haya ni maiti. Nimekuletea miche mizuri, bure."

"Bure? Wewe hata moshi wa jiko lako hutoi bure!"

Alicheka, lakini hakuondoka. Kwetu, anayekupa miche hula mkungu wa kwanza, na tangu siku hiyo ana neno katika shamba lako. Yeye alilijua hilo, nami nililijua.

"Pokea, mwanangu," mama mkwe aliniambia. "Tutakula nini?"

"Magimbi, mama. Yapo kando ya mfereji."

Tulikula magimbi mpaka tukachoka hata kuyatazama. Miche ile ilirudi ilikotoka.

Nilifanya kazi shina kwa shina. Nilifukua udongo mpaka nikaliona tunguu lililo chini ya shina, nikakata palipooza, nikapaka jivu mahali nilipokata. Kisha nilirudisha udongo pamoja na samadi na kufunika kwa majani makavu. Machipukizi yalipotoka nilibakiza lile lenye nguvu na kung'oa mengine, ingawa mama mkwe alilalamika kwamba naua watoto. Baadhi ya mashina yalikuwa yameoza kabisa. Hapo nilipanda machipukizi niliyoyang'oa kwenye mashina yetu wenyewe.

Shemeji alipita njiani mara nyingi.

"Bado unawauguza wafu wako?"

"Mmoja ameamka. Ingia umsalimie."

Hakuingia. Mvua zilikuja, zikaisha, zikarudi. Mgomba mmoja karibu na mlango ulitoa mkungu, mdogo kidogo, lakini umenyooka. Ulipokomaa niliukata mwenyewe, nikaupika wote, nikawapelekea wazee walikokutana. Shemeji alikuwepo. Alisema mbele yao kwamba lazima nimeomba miche kwa watu wengine, na kwamba wenye miche watakuja siku moja kudai.

"Onja kwanza," nilimwambia.

Alitafuna taratibu. Alichukua kipande cha pili. Baba yake, yaani baba mkwe wangu aliyekipanda kihamba kile, alikuwa na aina yake ya ndizi, ngumu kidogo na yenye utamu wa mbali, ambayo hakuna jirani aliyekuwa nayo. Wazee walimngoja.

"Ni zile za baba," alisema, na akaendelea kula.

Mzee mmoja akasema basi, kihamba ni cha waliokuwa nacho. Nilirudi nyumbani na chungu kitupu kichwani, nikitembea polepole ili watu wanione.

Mume wangu alirudi baadaye, bega moja likiwa limeshuka kwa kubeba mawe. Kabla hajaketi alizunguka kihamba, akigusa mgomba mmoja baada ya mwingine.

"Miche umeipata wapi?"

"Sikuipata popote," nilimjibu. "Ni ile ile uliyoiacha."