Fundi wa jenereta aliyesingiziwa usingizi

Saa tatu asubuhi, na jua la Garissa limeshaanza kuuma. Gumato Guracha amepiga magoti kwenye mchanga nyuma ya hema la harusi mtaani Waberi, bisibisi mdomoni, mkono mmoja umezama ndani ya jenereta hadi kwenye kiwiko. Anasafisha chujio la hewa. Vumbi linalotoka ni jekundu na laini kama unga.

Vijana wawili wanakuja na kusimama kando yake. Wananong'onezana, kisha mmoja mwenye simu mkononi anauliza kama yeye ndiye yule mama wa kwenye filamu.

Gumato anatoa bisibisi mdomoni. "Filamu ipi? Ziko tatu."

Kijana hakujua kwamba ziko tatu. Yeye ameona moja tu, ile ambayo mama analala na mafuta yanaisha.

"Basi nenda ukaangalie ile ya tamasha, halafu urudi tuongee," Gumato anamwambia, na kurudisha mkono ndani ya mashine.

Vijana wanaondoka wakicheka. Gumato hacheki. Anasema haipiti wiki bila watu watatu au wanne kumjia na swali lilelile, na wengine hutaka kupigwa picha naye akiwa amefumba macho.

"Mtu mzima, mwenye ndevu, anakuomba ufumbe macho," anasema. "Wallahi nimechoka."

Gumato ana umri wa miaka arobaini na mmoja. Majirani humwita Mama Diba, kwa jina la kifungua mimba wake. Ana jenereta mbili za dizeli anazozikodisha kwenye harusi, mikutano na mahafali ya shule, na huziendesha mwenyewe. Siku moja ya kazi, akishatoa mafuta na mkokoteni wa punda, humbakishia kama shilingi elfu tatu na mia tano. Kwa fedha hizo amesomesha watoto watatu, huku mumewe akibaki na ngamia huko Buna, Wajir Kaskazini, alikozaliwa Gumato mwenyewe.

Huko Buna ndiko alikojifunzia. Baba yake, mzee Guracha, alikuwa mwendesha mashine ya kisima. Wakati wa kiangazi mifugo ilipanga foleni tangu alfajiri, na mashine ikikohoa hata mara moja, wafugaji wote waligeuka kumtazama mzee. Gumato alikuwa anampelekea chai, kisha anabaki. Kufikia miaka kumi na miwili aliweza kusema kwa kusikiliza tu kama mafuta yana maji.

"Baba hakuwahi kulala mashine ikiwa inafanya kazi," anasema. "Mimi pia sijawahi. Ndiyo maana neno lile liliniingia kama mwiba."

Neno analolitaja lilianzia Februari 2019. Radi Kavu, kundi la roki kutoka Nairobi ambalo wakati huo lilijaza viwanja Afrika Mashariki nzima, lilikuja Garissa kupiga tamasha la kuwachangia waathiriwa wa ukame. Wazee wa mji walinung'unika, kisha wakakubali kwa sharti moja kwamba muziki ukome kabla ya magharibi. Walimu, wanafunzi wa chuo na maafisa kutoka sehemu nyingine za nchi walifika kwa mamia. Gumato alipewa kazi ya umeme wa jukwaani.

Alitia lita arobaini za dizeli. Alasiri ilipofika, kabla muziki haujaanza, alitandaza mkeka pembeni mwa mashine akaswali. Kisha akawasha.

Saa kumi na moja na dakika chache, katikati ya wimbo uliokuwa ukipendwa kuliko zote, sauti ilikatika. Gumato aliitazama mashine yake mara moja. Ilikuwa inanguruma kama kawaida, na kipimo cha mafuta kilikuwa juu ya nusu. Akapaza sauti kwamba umeme upo, lakini hakuna aliyemsikia, kwa sababu umati ulikuwa umeupokea wimbo na kuuimba wenyewe. Mwimbaji alitupa maikrofoni chini, akashuka jukwaani na kuingia kwenye gari. Mwaka uliofuata kundi likavunjika.

Hapo ndipo filamu zilipoanza. Ya kwanza, iliyotoka mwaka huohuo wa 2020, ni ya tamasha lenyewe: saa moja na nusu ya muziki, bila msimulizi. Ya pili ilitoka mwaka 2023 nayo inasimulia maisha ya kundi, mwanzo hadi mwisho, na watu wakihojiwa kwenye viti vya ngozi. Ya tatu, fupi, ilitengenezwa kwa ajili ya runinga na kuchota maneno yake kutoka kwa ile ya pili.

Ni ile ya pili iliyomwangusha Gumato. Ndani yake, msimulizi mwenye sauti nzito anaeleza kwamba Radi Kavu walianza kufa siku ile ya Garissa, kwa sababu mwendesha jenereta alipitiwa na usingizi, mafuta yakaisha. Anaonekana mwanamke kwa nyuma, ameketi, kichwa kimeinama. Kisha inaonekana jenereta imezimwa na mwanamke yuleyule ameishika chupa ya mafuta. Jina halitajwi. Lakini Garissa nzima, mwanamke anayeendesha jenereta ni mmoja tu.

Kabla ya filamu hiyo alikuwa na kazi kumi au kumi na moja kwa mwezi. Miezi mitatu baadaye zilikuwa zimebaki mbili. Familia moja ilimrudisha kutoka mlangoni siku ya harusi, mashine ikiwa bado juu ya mkokoteni. Hata Billow, mwenye mahema ambaye alikuwa amempa kazi kwa miaka tisa, alianza kumtafuta fundi mwingine.

"Hakuniambia kitu," Gumato anakumbuka. "Alikuwa tu hapokei simu. Bora angenitukana."

Gumato mwenyewe alikuwa hajaiona hata filamu moja. Aliyemkalisha chini ili azitazame ni Loise Wanji, mwalimu wa Kiswahili aliyehamishiwa Garissa kutoka Nyeri miaka sita iliyopita. Loise alikuja kukodi jenereta kwa ajili ya mahafali ya shule yake, lakini mazungumzo yakawa na kigugumizi. Alipobanwa, alikiri kwamba mwalimu mkuu ameona filamu na ana wasiwasi.

Loise ni shabiki wa Radi Kavu hadi kwenye mifupa. Filamu zote mbili zilizokuwa zimetoka wakati huo alikuwa nazo, na kwa muda mrefu alikuwa akibishana na wenzake ipi ni bora. Yeye alikuwa upande wa ile ya maisha ya kundi. Alisema ile ya tamasha ni tamu, lakini haifafanui chochote.

Jumamosi moja asubuhi wakakaa kwenye chumba cha kompyuta cha shule, ngamizi mbili zikiwa bega kwa bega mezani. Upande mmoja filamu ya tamasha, upande wa pili ile ya maisha ya kundi. Loise alizisimamisha zote mbili kwenye dakika ambayo sauti inakatika.

Ile ya tamasha waliitazama mara mbili. Kisha Gumato aligusa kioo kwa kidole, nyuma ya mpiga ngoma.

"Mwalimu, hii feni inazungushwa na nani?"

Kulikuwa na feni kubwa ya kusimama, iliyowekwa pale kwa ajili ya joto. Sauti ilikuwa imekatika, mwimbaji amepigwa na butwaa, lakini feni ilikuwa inazunguka na kitambaa cha shingoni cha mpiga ngoma kinapepea. Taa ndogo nyekundu kwenye spika ya gitaa nayo ilikuwa inawaka. Feni, spika na maikrofoni vyote vilikula umeme wa mashine moja.

Loise alikuwa ameitazama filamu ile zaidi ya mara arobaini. "Nilikuwa namwangalia mwimbaji," anasema. "Kila mtu alikuwa anamwangalia mwimbaji."

Wakarudisha nyuma kidogo. Sekunde tatu kabla ya sauti kukatika, mwimbaji anarudi kinyumenyume akicheza, buti lake linanasa kwenye kebo nene inayopeleka sauti kwenye spika kubwa, na kebo inachomoka. Ni jambo la kufumba na kufumbua. Anayelitafuta analiona.

Kisha wakageukia ngamizi ya pili. Kwenye picha ya "usingizi", Gumato aliutambua mkeka wake. Alikuwa kwenye dua, baada ya swala ya alasiri, na viti vilivyoonekana mbele yake vilikuwa bado vitupu. Kwenye picha ya jenereta iliyozimwa, viti vilikuwa vimeshapangwa kimoja juu ya kingine, tayari kwa kubebwa. Picha moja ni ya kabla ya tamasha, nyingine ni ya baada yake. Mtu amezikata na kuziunga, na kwa mshono huo akapata mtu wa kulala kazini.

"Niliswali," Gumato anasema, na hapa sauti yake inapanda kwa mara ya kwanza. "Wamechukua swala yangu wakaiita usingizi."

Walimtafuta mwongozaji wa filamu hiyo, Brayo Kang'ethe, aliyeko Nairobi. Walimwandikia barua pepe mbili, zisijibiwe. Ya tatu ikajibiwa kwa simu. Loise, aliyeweka simu kwenye spika ili wote wasikie, anasema mwongozaji alikuwa mpole mno. Alieleza kwamba wanamuziki ndivyo wanavyoikumbuka siku ile, na kwamba filamu inafuata kumbukumbu na hisia zao. Si ripoti ya fundi wa umeme.

Gumato alimuuliza kama yeye hana kumbukumbu.

Brayo alisema angelifikiria suala hilo. Ulipita mwezi, na mwezi mwingine. Ile filamu fupi ya runinga ndiyo ilitoka katika kipindi hicho, na uongo ukaenda kwa watu ambao hata hawakulijua kundi la Radi Kavu.

Hapo Gumato aliacha kungoja. Alizungumza na Loise, wakapata ukumbi mdogo wa mikutano Waberi, na Jumapili moja baada ya adhuhuri wakaita watu. Umeme ulitoka kwenye mashine yake mwenyewe. Wafanyabiashara wa mahema, wapishi wa harusi na walimu kadhaa walifika, kama watu sitini. Billow alikuja akiwa amechelewa, akaketi karibu na mlango.

Loise alionyesha vipande viwili tu, cha filamu hii na cha filamu ile, bila kuongeza neno. Kisha Gumato alisimama na kijiti, akaonyesha feni, taa, buti na viti. Hakuchukua dakika kumi.

Billow alikuwa wa kwanza kusema. Aliomba warudishe nyuma pale mwanamke ameinama. Wakarudisha. Akaomba tena. Nje mashine iliendelea kunguruma.

"Huyu yuko kwenye dua," alisema mwishowe. "Na mimi niliambiwa analala, nikaamini. Abaayo, mimi nilikosa."

Abaayo ni dada kwa Kisomali. Billow alikuwa amemwita hivyo kwa miaka tisa, kisha akaacha. Gumato anasema alitaka kumkasirikia, akashindwa, akamwambia tu kwamba simu yake ni ileile.

Billow mwenyewe, alipoulizwa na mwandishi, hakujitetea. Alisema picha, au bicha kama anavyolitamka neno hilo, ina nguvu kuliko macho, na kwamba aliisadiki bicha akamwacha mtu aliyemjua. Tangu siku hiyo amempa Gumato kazi nane. Shule ya Loise nayo ilimchukua kwenye mahafali, na mwalimu mkuu akaja kumsalimia mwenyewe.

Loise amebadili upande katika ubishi wake wa muda mrefu. "Ile ya tamasha haifafanui chochote, kweli," anasema. "Ndiyo maana haikupata nafasi ya kudanganya."

Lakini Waberi si dunia. Filamu ya pili bado iko mtandaoni na inaendelea kutazamwa, na kila likizo huleta vijana wapya wenye simu. Gumato anasema hilo ndilo linalomkera zaidi: kwamba amethibitisha, na bado anatakiwa kuthibitisha upya kila Jumatatu.

Wiki mbili zilizopita Brayo Kang'ethe alipiga simu tena. Habari za ukumbi zilikuwa zimemfikia. Anatengeneza toleo jipya na anataka kumhoji. Aliomba jambo moja dogo, kwamba siku ya mahojiano jenereta izimwe, maana kelele zake zitaharibu sauti.

Gumato anasimulia haya akiwa ameshamaliza chujio na anafunga kava la mashine. Anavuta kamba mara moja, mara ya pili, na jenereta inaitika. Ndani ya hema feni zinaanza kuzunguka. Inambidi apaze sauti ili asikike.

Alimjibu Brayo kwamba atakubali kuhojiwa, jina lake kamili liandikwe, Gumato binti Guracha wa Buna, na picha ya dua iondolewe. Alhamisi ijayo ana kazi ya mahafali huko Hagadera, kuanzia saa mbili asubuhi, na kamera zikitaka zimkute huko.

"Nikamwambia kuzima sizimi," anasema. "Waje wanirekodi ikiwa inanguruma."

Brayo bado hajajibu. Gumato ameshanunua dizeli ya Alhamisi.