Bonge la Udongo la Bi Somoe

Siku ya kwanza kazini mkuu wa maabara alinipa ufagio akaniambia, "Chande, wewe gusa sakafu tu." Mle ndani kiyoyozi kilikuwa kikali mpaka mbu wanaingia na makoti. Shule mimi niliionea dirishani, lakini vichupa nilivyoosha vingeziba mto Ruvuma, na masikio sikuyaacha nyumbani.

Wakuu wamepita wanne. Wa mwisho, mama mmoja mpole, ndiye aliyekuwepo alipokuja Bi Somoe wa Msimbati. Baridi yabisi ilishamkunja vidole miaka mingi, na sasa akipanda ngazi tatu anahema kama kabeba lori. Damu ilikuwa chini. Daktari akataka feritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini. Majibu yakasema chuma kipo. Daktari akasema basi, ni ugonjwa wake ule ule, arudi akavumilie. Na mwenyewe alitaka kujua kitu kimoja tu: kama ataokota tena korosho zake.

Anasubiri karatasi, mimi nafagia chini ya benchi. Naona unga mwekundu. Nafagia, unarudi. Kuinua macho, Bi Somoe kafungua pindo la kanga, anamega udongo wa kichuguu, anatafuna kama karanga.

"Bibi, una mimba?"

"Ya miaka sitini," akasema. "Nikiukosa huu silali."

Mimi wajawazito wa mtaani kwetu Magomeni nawajua. Anayetamani udongo hivyo, mara nyingi chuma kimemwishia. Nikamfuata mkuu, nikamuuliza inakuwaje huyu ana chuma na anakula kichuguu kizima. Akaweka kalamu chini.

"Chande, ugonjwa kama wake unapandisha feritini hata chuma kikiwa kidogo. Ghala limejaa magunia, kumbe mengine makapi. Hebu tuangalie malori."

Malori ndiyo transferini, inayobeba chuma kwenye damu. Sampuli ikasafiri Dar, majibu yakarudi: malori karibu yote yanatembea matupu. Bi Somoe akatundikiwa dripu ya chuma, maana vidonge mwili unaowaka vile unavikatalia mlangoni.

Nimestaafu sasa, nipo Likombe. Msimu uliopita Bi Somoe alikuja na kikapu cha korosho, kaokota mwenyewe kwa vidole vile vile. Akafungua pindo, akanipa bonge lililobaki.

"Chukua, baba. Linanuka. Sijui nilikuwa nalipendea nini."

Nimeliweka dirishani. Nikichoka sana naligusa kwa ulimi. Mpaka leo ni udongo tu, basi najua chuma kipo, mimi ni mvivu.