Mama Mkwe kwenye Usukani

Gari lilianza kukosa nguvu nikitoka Nyamongo. Kwenye mwinuko nilikanyaga mafuta, likaguna tu na kupanda kwa shida. Sababu niliijua. Siku chache nyuma dizeli iliniishia njiani, nikanunua ya dumu kando ya barabara, na ya dumu hujui imechanganyika na nini.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa hajamaliza hata mwezi. Mama mkwe alikuwa amekuja kwetu Nkende kumsaidia mke wangu, na Jumapili tulipanga kwenda Susuni kwa mama yake yeye, bibi wa mke wangu, ili ampakate kitukuu. Bibi huyo miguu ilikuwa imeshamkatalia safari. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi, injini ikiwa bado baridi, nikafungua boneti nibadilishe filta ya dizeli.

Lazima niseme tulivyokuwa tukiishi na mama mkwe. Mimi ni mtu wa Singida, afisa kilimo niliyehamishiwa Tarime nikaoa hukuhuku. Kwa kabila la mke wangu, mkwe wa kiume na mama mkwe huheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Hatukupeana mkono, hatukula meza moja. Nilimwamkia shikamoo kutoka mlangoni, naye akaitikia akitazama pembeni. Akiwa na neno nami, alimwambia mtoto. "Mura," alikuwa akisema, yaani kijana, akikisemesha kitoto ambacho hata shingo haijakaza, "mwambie baba yako uji umeiva." Nami nilimjibu mtoto.

Filta ya zamani iligoma kutoka. Niliizungushia tambara, nikaing'ang'ania kwa mikono miwili mpaka ikalegea, nikaimwaga kwenye beseni. Yalitoka maji na uchafu mweusi kama masizi. Nikapaka dizeli kwenye mpira wa filta mpya, nikaijaza, nikaikaza kwa mkono, kisha nikabonyeza pampu ndogo iliyo juu yake ili kutoa upepo ulioingia kwenye njia ya dizeli. Nilipopiga stata gari likawaka, likatetemeka, likazima. Upepo ulikuwa bado umo. Alihitajika mtu wa kupiga stata huku mimi nikibonyeza pampu.

Nikamwita mke wangu. Akajibu kutoka chumbani kwamba ananyonyesha.

Mama mkwe alikuwa mlangoni mwa jiko akichambua mboga. Safari hii hapakuwa na mtoto wa kupitishia maneno. Aliweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye kanga, akaja.

"Nifanye nini?" akauliza, macho kwenye gari.

Nilimfungulia mlango, nikasogea mbali ili apite. Akakaa kwenye kiti changu, mgongo wima kama yuko kanisani. Gia ilikuwa huru na breki ya mkono nilishaivuta.

"Mama, hapo mbele kuna taa ya njano. Ikizimika, zungusha ufunguo mpaka mwisho. Injini ikishika, achia."

"Na likiondoka na mimi?"

"Haliendi popote, mama."

"Aliyesimama mbele yake ni wewe," akasema. "Nakuulizia wewe."

Nikabonyeza, akazungusha. Injini ikakohoa, ikasita, ikashika. Moshi ukajaa uani, kuku wakatawanyika. Nilichungulia filta, haikuvuja hata tone. Nilipoinua kichwa nilimwona ameukumbatia usukani, anacheka bila sauti, mabega yanatikisika. Mke wangu akatokea na mtoto begani, akasimama kizingitini akitutazama.

"Nizime?" mama mkwe akaniuliza.

"Liache lingurume kidogo, mama."

Akaliacha. Alibaki pale kitini, mimi nikabaki na tambara langu, na kwa mara ya kwanza kimya kati yetu hakikunielemea.

Kesho yake tulipanda vilima vya Susuni bila taabu. Bibi alikuwa ameketishwa nje juani, amevaa kitenge kipya. Kabla hajapewa mtoto aliuliza jambo kwa Kikurya, na mama mkwe akamjibu kwa maneno marefu, akinionyesha kwa kidevu. Mke wangu akanitafsiria: bibi ameuliza ni nani aliyetuleta, naye mama amesema mkwe ameendesha, lakini gari lenyewe lisingewaka bila yeye mwenyewe kupiga stata.

Bibi akanitazama, akatikisa kichwa, akanyoosha mikono. Tulimwekea mtoto mapajani. Akamnusa utosi, akamshika vidole kimoja kimoja, akaanza kumnong'oneza mambo ambayo hakuna aliyenitafsiria. Mtoto alimlowesha kitenge, mke wangu akainuka kumchukua, bibi akamsukuma mkono. Alikaa naye hivyohivyo, kitenge kimelowa, mpaka jua lilipoanza kushuka.